Vichupa Vinne

Pua yangu ndiyo iliyonijengea nyumba. Nyumba ya vyumba vinne pale Kihonda, yenye vigae na uzio wa matofali, ghala nyuma yake, na gari langu mwenyewe la kubebea mizigo, vyote vilitoka puani mwangu, na sioni haya kusema hivyo kwa sababu hakuna aliyenipa hata tofali moja.

Nilizaliwa milimani, upande wa Matombo, katika familia ambayo hakuna aliyekuwa amevuka darasa la saba. Mimi nilivuka. Kwetu Waluguru mjomba ndiye wa kumtegemea, lakini wajomba zangu walikuwa na migomba tu, hawakuwa na mtu wa kunipeleka ofisini kwake. Nilijisomesha kwa kubeba ndizi kichwani hadi barabarani, nikapata stashahada ya teknolojia ya chakula. Cheti chake kipo sebuleni ndani ya fremu, juu ya televisheni, ambapo mgeni akiingia hawezi kukikosa.

Kazi ya maana haikupatikana, nikaenda ng'ambo, Maskati, kupakia magunia kwenye ghala la viungo. Mkuu wa ghala alikuwa na mazoea ya kupanga vikombe vya karafuu mezani na kuwauliza wakaguzi wake kila kikombe kina kasoro gani. Siku moja nilikuwa napita na gunia begani, nikasema bila kuulizwa, "Cha tatu kilikaa kwenye unyevu." Wakageuka wote. Mkuu alikinusa, akakinusa tena, akaniambia nitue gunia. Mwezi uliofuata nilikuwa nimekaa kwenye meza ile pamoja na wakaguzi, nikanusa kwa miaka minane.

Niliporudi Morogoro niliwakuta wenzangu niliosoma nao bado wanatafuta wa kuwaombea kazi. Mimi nilianza kununua karafuu, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa kwetu na kupeleka Dar es Salaam kwa mfanyabiashara anayesafirisha nje. Kwa miaka sita hakurudisha mzigo wangu hata mmoja. Ukiuliza kule milimani mnunuzi anayejua karafuu ni nani, utaelekezwa kwangu.

Lazima nieleze jinsi tunavyonunua. Kwetu mnunuzi hasemi neno mbele ya gunia kabla hajanusa. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi ya karafuu za chini kabisa, anafumba ngumi, anapuliza pumzi ya moto ndani ya ngumi, kisha anaifungua na kunusa. Ile pumzi inaamsha mafuta ya karafuu, na kama kuna ukungu, unyevu au moshi, unapanda hapo hapo. Watu wote hunyamaza. Akisema "pita," gunia linakwenda kwenye mzani. Akisema "rudi," mwenyewe analibeba na kuondoka, na hakuna ubishi. Mimi sikuwahi kubishiwa.

Mwaka huu, masika ikiwa inaelekea kuisha, nilipata mafua. Yalishuka kifuani, nikalala siku tisa. Hospitali waliniambia ni maambukizi ya njia ya hewa, wakanipa dawa, nikapona. Nilirudi ghalani nikiwa mwembamba lakini na nguvu zangu, na nilikuwa nimeanza kusahau kwamba niliumwa.

Asubuhi moja nilikaa jikoni nasoma ujumbe kwenye simu. Mke wangu alikuwa ameinjika maharage, akatoka kuanika nguo. Alirudi mbio.

"Baba watoto! Maharage yanaungua na wewe umekaa hapo hapo?"

Niliinua macho. Jiko lilikuwa na ukungu mwepesi wa moshi. Sufuria ilikuwa inalia kwa chini.

"Sijayasikia," nilisema.

"Hujayasikia? Wewe? Nimeyasikia kutoka kwenye kamba ya nguo!"

Niliondoka pale, nikaenda ghalani, nikafungua gunia la mdalasini na kuingiza kichwa ndani. Nilivuta pumzi. Iliingia hewa tu, ya vuguvugu, kama ukivuta pumzi ndani ya ndoo safi. Nikafungua la pilipili manga. Nikapiga chafya, lakini sikusikia kitu. Nilifungua magunia yote. Mke wangu alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya magunia yaliyo wazi, na nadhani alijua, kwa sababu hakuuliza. Alianza kuyafunga moja moja.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa kijana mpole. Alimulika puani, akaniambia njia ziko wazi, hakuna nyama wala uvimbe. Kilichoumia ni mishipa ya harufu, huko juu kabisa, na haina dawa ya kumeza.

"Ila kuna mazoezi," alisema. "Unachukua harufu nne zenye nguvu. Waridi, ndimu, mkaratusi, na karafuu. Kila moja unainusa kwa sekunde ishirini, polepole, asubuhi na jioni, huku unaikumbuka ilivyokuwa. Ni kama mtu aliyevunjika mguu anavyojifunza tena kutembea."

"Karafuu?"

"Ndiyo, karafuu. Zinapatikana sokoni."

Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia kuhusu Maskati na ile meza, na stashahada. Alisikiliza kwa heshima zote.

"Basi utakuwa na kumbukumbu nzuri, mzee," alisema. "Itakusaidia."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne. Sita. Wengine mwaka au zaidi. Na wengine, nisikufiche, hairudi yote."

Msimu wa karafuu ulikuwa unaanza baada ya wiki saba.

Mke wangu alitafuta vichupa vinne vya dawa ya kikohozi, akavichemsha, akaweka pamba ndani ya kila kimoja. Cha kwanza alikitia marashi ya waridi, cha pili maganda ya ndimu, cha tatu majani ya mkaratusi aliyoyatwanga, cha nne karafuu zangu mwenyewe, nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Alivipanga kwenye sinia dirishani. Kila asubuhi alikaa mbele yangu na simu yake, akihesabu sekunde.

"Haya. Waridi."

Nilinusa.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Haya. Ndimu."

Mtu aliyesoma hawezi kukaa na maelekezo ya watu wa kawaida. Nilichora jedwali, nikabandika ukutani. Daktari alisema mara mbili kwa siku. Mimi nilinusa mara kumi na mbili, kwa hesabu kwamba miezi sita nitaifanya mwezi mmoja. Nilinusa hadi pua ikachubuka na kutoa damu. Mke wangu alichukua sinia akalifungia kabatini.

"Mguu uliovunjika unaukimbiza?" aliniuliza. "Asubuhi na jioni. Ufunguo ninao mimi."

Nilimtii, kwa mara ya kwanza katika jambo la karafuu.

Ilikuwa wiki ya tano nilipomwambia, "Imerudi." Nilikuwa na kichupa cha nne mkononi na niliisikia kabisa, ile harufu ya moto inayopanda hadi kwenye paji la uso. Niliinuka kwenye kiti. Nilitaka kumpigia daktari, nimwambie wiki tano tu, aandike kwenye vitabu vyake.

Mke wangu hakuinuka. Alichukua sinia akaenda nalo chumbani, akarudi na vichupa amevizungushia vitambaa ili nisione kilicho ndani. Alinipa kimoja.

"Karafuu," nilisema.

Akanipa kingine.

"Hii ndimu. Hapana, subiri. Hii ndiyo karafuu. Ile ya kwanza mkaratusi."

Alifungua vitambaa. Cha kwanza kilikuwa mkaratusi. Cha pili alikuwa amekiongeza yeye, kina pamba kavu tu. Hakikuwa na kitu.

Nililijua kosa langu, na ndiyo maana liliniuma. Mkaratusi unatoa ubaridi puani, karafuu inachoma kidogo. Ule ubaridi na ule mchomo ni kazi ya ngozi. Hata mtu asiyesikia harufu anavisikia. Jambo hilo niliwahi kuwafundisha vijana Maskati. Nililifundisha nikiwa nimesimama, wao wameketi na madaftari.

"Mwambie dada yako," mke wangu alisema. "Kabla msimu haujaanza."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huwezi. Yeye ana pua nzuri, atakunusia."

"Dada yangu hajui hata kusoma mzani."

"Kusoma mzani utasoma wewe."

Sikumwambia. Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Kwetu ardhi ya ukoo iko mikononi mwa wanawake, na yeye ndiye anayekaa kwenye ile ya mama yetu, na watu wa pale huleta karafuu zao uwanjani kwake kwa sababu wanamwamini. Alibaki nyumbani nilipoondoka. Kila nilipopanda daraja, nilikwenda kumweleza yeye kwanza. Nilikuwa tayari kumweleza mambo mengi, lakini si kwamba nimeshuka.

Msimu ulipoanza nilipandisha gari asubuhi, nikapita Kiroka na Mkuyuni, vioo vikiwa wazi. Nilijua barabara ile kwa harufu zake kuliko kwa kona zake. Nilipita kwenye migomba iliyolowa, nikapita kwenye mafungu ya mananasi yaliyopangwa kando ya njia, na yote yalikuwa kama picha ukutani.

Nilikuwa nimejipanga. Macho ninayo. Karafuu nzuri ina rangi ya hudhurungi inayong'aa, kichwa chake hakijadondoka. Vidole ninavyo. Ukiibana kwa ukucha inatoa mafuta. Masikio ninayo. Ukiivunja inalia. Nilijiambia mtu wa stashahada anazo njia nyingine, na harufu ni mazoea tu ya watu wa zamani.

Uwanjani kwa dada yangu kulikuwa na watu kama ishirini na magunia yao. Mbele kabisa alikaa mtani wangu. Huyu ni mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na utani wake hauna breki. Siku tulipomzika mama yetu alivaa gauni kuukuu la marehemu, akatembea uwanjani akichechemea kama yeye na kuomba ugoro kwa sauti yake, hadi watu wakacheka huku wanalia. Mimi nililia, na yeye aliniambia nifute kamasi nisimchafulie mama shuka. Ndivyo watani walivyo. Siku ile hakutupa pole, na hakuna aliyeitarajia kutoka kwake.

"Shikamoo, mama mtani."

"Marahaba, pua. Umekonda, mkeo anakunyima au unakula kwa kunusa?"

Watu walicheka. Nilivua saa, nikakunja mkono wa shati, nikazamisha mkono kwenye gunia la kwanza. Nilitoa konzi, nikafumba ngumi, nikapuliza, nikanusa. Kimya kikatanda kama kawaida yake. Nilitazama rangi. Nilibana kwa ukucha.

"Pita."

La pili, pita. La tatu lilikuwa na unyevu, nililijua kwa vidole, nikasema rudi, na mwenyewe akalibeba bila neno. Nilianza kupata raha. Nilipofika kwenye la mtani wangu, alikuwa ananitazama usoni, hatazami ngumi.

"Huyu hanusi," alisema kwa sauti kubwa. "Anapumua tu kama mbuzi."

Uwanja mzima uliangua kicheko.

"Mtani, gunia lako nikilirudisha utalia."

"Lirudishe! Pua yako imekufa, tangaza msiba tuje tucheze!"

Walicheka hadi mmoja akashika nguzo. Nami nilicheka. Ukweli ulikuwa umesemwa mbele ya watu ishirini na hakuna aliyeusikia, kwa sababu aliyeusema ni mtani. Nilisema pita, nikaendelea.

La mwisho lilikuwa la dada yangu. Mvua za kwetu hazifuati kalenda, na wiki ile zilikuwa zimenyesha mfululizo. Alinisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Hili ulipitie kwa makini, kaka."

"La dada yangu nisilipitie kwa makini, nipitie la nani?" nilijibu kwa sauti ya watu wote kusikia.

Niliingiza mkono, nikapuliza, nikanusa. Zilikuwa kavu sana, zinavunjika kwa mlio. Rangi ilikuwa imeiva kidogo kuliko zingine, lakini nzuri.

"Pita."

Hakusogea. "Una hakika?"

"Kwani stashahada niliipata kwa kubahatisha?"

Watu walicheka tena. Dada yangu hakucheka. Alinitazama, kisha akatazama chini, akalivuta gunia lake hadi kwenye mzani. Niliona aibu usoni mwake na sikuielewa. Nilifikiri ameona vibaya nilivyomkata kauli mbele ya watu. Jioni ile nilichanganya mzigo wote, kama ninavyofanya siku zote, nikaupeleka Dar.

Simu ilikuja siku ya nne.

"Ndugu yangu, mzigo wako unanuka jiko," alisema yule mfanyabiashara. "Wote. Ukifungua mfuko ni kama umeingia kwenye kibanda cha mama lishe. Umepatwa na nini?"

Alinirudishia mzigo wote. Nilisimama kwenye mlango wa ghala wakati wanaushusha. Mke wangu alipita karibu, akaziba pua kwa kanga, halafu akakumbuka na kuishusha haraka. Nilifungua mfuko mmoja na kuingiza uso ndani, nikavuta pumzi kwa sekunde ishirini. Hakuna kitu.

Nilimpigia dada yangu. Sikuhitaji kumwuliza.

"Ni zangu," alisema. "Mvua ilikataa kukatika, nikazianika juu ya uchaga wa jikoni, siku tatu. Moto ulikuwa unawaka chini. Nilijua zimeshika moshi. Ndiyo maana nilikuambia ulipitie kwa makini, nilingoja useme rudi."

"Mbona hukusema wazi?"

"Niseme wazi kwa mtu anayenusa? Uliposema pita, nilidhani umenibeba. Kwamba unanionea huruma mbele ya watu. Nilikosa usingizi, kaka. Na sasa habari ya mzigo kurudishwa imefika huku, na uwanja mzima unasema hivyo hivyo. Kwamba karafuu za wenzangu zimeharibiwa na za dada wa mnunuzi, na mnunuzi alijua. Jana hakuna aliyeleta gunia kwangu."

Nilitoka na simu hadi kwenye mlango wa ghala, nikaitazama ile mifuko iliyorudishwa.

"Kaka?"

"Sinusi," nilisema. "Tangu nilipoumwa. Sisikii harufu yoyote."

Nilisikia akivuta kigoda na kukaa. Kisha akasema, taratibu, "Njoo uwaambie wewe. Mimi nikiwaambia wataona natafuta pa kujificha."

Nilipanda tena siku iliyofuata. Dada yangu alikuwa amewaita watu, wakaja, lakini walikaa mbali na mlango wake. Mtani wangu alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Nilisimama mbele yao. Nimezoea kusimama mbele ya watu. Niliwaambia kwamba niliumwa, kwamba mishipa ya harufu imekufa, kwamba siku ile nilipuliza ngumi na kuigiza, kwamba dada yangu hana kosa.

Hawakuniamini.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na magunia alisema kwa upole, "Mwanangu, dada ni dada. Sote tuna dada. Huna haja ya kujitia ugonjwa."

"Nawaambia kweli, baba. Nina vichupa nyumbani, nafanya mazoezi, asubuhi na jioni."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kunusa."

Walicheka. Mtu mwenye pua yangu, aliyekuwa akiwaambia kwa miaka sita kwamba anaweza kujua gunia limetoka upande gani wa mlima, eti anajifunza kunusa ndimu kwenye kichupa cha dawa. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjanja. Nilitaja daktari. Nilitaja mishipa. Nilitaja ule ubaridi wa mkaratusi. Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani, na kila walipocheka alizidi kuinama.

Mtani wangu aliinuka kwenye kinu.

"Mnapoteza siku," alisema. "Leteni kanga."

Alichukua kanga ya dada yangu, akanifunga macho, akafunga kwa nguvu kama anafunga mzigo wa kuni. Alinikalisha kwenye kigoda. "Mtani, usiponijibu kweli nitakutembeza hivi hivi hadi barabarani."

Nilisikia akienda nyuma ya nyumba. Nilisikia kisu. Nilisikia miguu yake ikirudi, na kitu kizito kikitua mbele ya magoti yangu. Kisha watu walinyamaza.

"Nini hiki?"

Nilivuta pumzi. Nilivuta tena, polepole, kama nilivyoelekezwa, huku nikikumbuka. Nilikumbuka kila kitu. Niliweza kukumbuka harufu ya ghala la Maskati mlango unapofunguliwa asubuhi, na harufu ya kichwa cha mama yangu akitoka kuchuma pilipili. Zilikuwepo zote kichwani, na puani ilikuwa ikiingia hewa.

Nilitakiwa kusema sijui. Hilo ndilo nililolijia, na lilikuwa neno moja. Lakini nilisikia nzi. Walikuwa wengi, wanazunguka karibu na magoti yangu, na akili yangu ikaanza kupiga hesabu: nzi, na kisu, na kitu kilichotoka nyuma ya nyumba, ambako dada yangu huanika mboga zake. Watu ishirini walikuwa wananitazama na sikuweza kuvumilia kukosa jibu.

"Dagaa," nilisema.

Hakuna aliyecheka. Nilingoja wacheke. Nilisikia mtu akisema jina la Mungu kwa sauti ya chini.

Mikono ilinifungua kanga. Mbele yangu kulikuwa na sinia, na juu yake fenesi bivu lililopasuliwa katikati, kubwa kama mtoto, utomvu unachuruzika, limekaa karibu kiasi kwamba shati langu lilikuwa limeshika utomvu. Harufu ya fenesi kama lile huwa inamfikia mtu aliye barabarani. Yule mzee karibu na magunia alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Nilimtazama mtani wangu. Nilikuwa nangoja aseme kitu, chochote, juu ya mbuzi, juu ya msiba, ili watu wacheke na mimi nicheke. Alikuwa ameshika ile kanga na anaikunja, anaikunja tena.

"Pole," alisema. "Pole sana, mtani wangu."

Nilianza kubandua utomvu wa fenesi kwenye shati langu.

Baada ya muda watu walianza kusogeza magunia karibu na mlango wa dada yangu, mmoja mmoja. Naye alitoka, akajifunga upya kanga ile kiunoni, akazamisha mkono kwenye gunia la kwanza hadi kwenye kiwiko. Alitoa konzi, akafumba, akapuliza, akanusa. Kimya kikatanda. Alifumba macho anaponusa. Sikuwahi kulijua hilo juu yake.

"Pita," alisema, na akanitazama, maana mzani alikuwa hajui kuusoma. Nikausoma.

Msimu uliisha hivyo. Ananusa yeye, nasoma mimi. Watu wakinisalimia siku hizi wananisalimia kwa sauti ya chini, na mtani wangu amekuwa na adabu nami, adabu ambayo siipendi. Cheti bado kipo juu ya televisheni. Wiki iliyopita nilipitisha mkono kwenye gunia bila kufikiri, nikafumba ngumi na kupuliza, na kilichonijia usoni ni joto la pumzi yangu mwenyewe.

Ni mwezi wa saba sasa tangu nianze mazoezi. Leo asubuhi mke wangu alifungua kabati, akaweka sinia dirishani, akashika simu.

"Haya. Waridi."

Nilinusa hadi sekunde zikaisha.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Haya," alisema, akanipokea kichupa. "Ndimu."